Chakula kipo, hamira haili: kutafuta kosa kwenye milango ya seli

"Mwalimu, hamira zangu zimekufa." Kila muhula wa mafunzo kwa vitendo nasikia maneno haya, na kila mara naomba kwanza nione chupa. Natia tone moja chini ya hadubini: seli za mviringo, zimejaa vizuri, hakuna iliyosinyaa. Nachota kidogo nahamishia kwenye chakula kamili cha kuoteshea, na kesho yake asubuhi maji yamekuwa mazito kama tui. Hazikuwa zimekufa. Zilikuwa na njaa huku chakula kimezizunguka.

Mwongozo huu ni wa hali hiyo. Nazungumzia hamira ile ile ya mkate na maandazi, Saccharomyces cerevisiae, ambayo ndiyo pia inayotumika maabara dunia nzima. Nimeandika kwa kufuata dalili ninazoletewa, maana mwanafunzi haji akisema "protini yangu ya utando imeondolewa". Anakuja na chupa ambayo haijabadilika rangi.

Kabla ya dalili, jambo moja. Utando wa seli ni tabaka la mafuta. Sukari, asidi amino, fosfeti na madini haviwezi kupenya mafuta hayo vyenyewe, kwa hiyo kila kimoja kinahitaji protini iliyochomekwa kwenye utando, nami nitaiita mlango. Milango iko ya namna mbili. Glukosi hupita kwenye milango ya familia ya Hxt kwa kuteremka tu, kutoka iliko nyingi kwenda iliko chache, na seli hailipi kitu. Maltosi (sukari inayotokana na wanga), asidi amino, fosfeti na urasili hupita kwa gharama. Seli ina pampu iitwayo Pma1 inayochoma ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ili kusukuma protoni (chembe za asidi) nje. Nje kunakuwa na asidi, ndani karibu hakuna, na ndani kunabaki chaji hasi. Protoni zinataka kurudi, na mlango unaziruhusu kwa sharti moja: ziingie zimebeba mzigo.

Kwa hiyo mtu akiniambia hamira haili, nauliza maswali matatu, kwa mpangilio huu. Je, seli hii ina jeni ya mlango huo, nayo ni nzima? Je, mlango umefika kwenye utando na bado upo hapo leo? Je, una nguvu ya kufanya kazi? Anayeanza na swali la tatu hupoteza wiki.

Dalili: hakuna gesi kabisa, hata ukisubiri

Hii unaweza kuiona jikoni. Chukua chupa mbili za maji ya vuguvugu, tia kijiko cha hamira kila moja. Ya kwanza weka sukari, ya pili weka unga wa maziwa usio na sukari. Vika kila shingo puto. Ndani ya saa moja puto la chupa ya sukari limesimama, la maziwa limelala, au limepata pumzi kidogo sana inayotokana na akiba ya hamira yenyewe.

Sukari ya mezani hata haihitaji mlango wake. Hamira hutoa nje kimeng'enya cha invateisi, kinaikata sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo mbili ndizo zinazopita kwenye milango ya Hxt. Sukari ya maziwa, laktosi, ni habari nyingine. Hamira ya mkate haina mlango wa laktosi, na haina kimeng'enya cha kuikata. Binamu yake Kluyveromyces lactis anavyo vyote viwili, na mwaka 1985 watafiti walihamisha jeni hizo mbili, ya mlango Lac12 na ya kimeng'enya, wakaziweka kwenye hamira ya mkate. Ikaanza kukua kwa laktosi. Angalia kwamba zilihitajika zote mbili. Mara nyingi mtu anaweka kimeng'enya peke yake kisha anashangaa kwa nini hakifanyi kazi, wakati kinakaa ndani kikisubiri sukari isiyo na pa kuingilia.

Dalili: sumu haiui

Upande wa pili wa swali la kwanza. Kanavanini ni sumu inayofanana na arginini, moja ya asidi amino, na hamira huimeza kupitia mlango wa arginini, Can1. Sahani ya agari yenye kanavanini inapaswa kuua kila seli yenye Can1 nzima, mradi usiweke arginini kwenye sahani hiyo, maana ikiwepo vitagombea mlango mmoja na arginini itashinda.

Nilipokuwa naanza nilipoteza karibu mwezi na jaribio hili. Sahani zilijaa makundi ya seli kana kwamba sikuweka sumu. Nilibadilisha kiasi, nikabadilisha chupa ya kanavanini, nikatengeneza agari upya mara tatu. Kosa lilikuwa kwenye aina ya hamira. Ilikuwa W303, aina moja ya hamira ya maabara, na W303 imebeba mabadiliko yaitwayo can1-100: jeni ya mlango imekatizwa kabla ya kufika mwisho. Sumu ilikuwa kali tangu siku ya kwanza, ila haikuwa na njia ya kuingia. Tangu siku hiyo sianzi jaribio lolote la usafirishaji kabla ya kusoma orodha nzima ya jeni zilizoharibiwa katika aina niliyopewa, hata kama aliyenipa ni mtu ninayemwamini.

Dalili: jana zilikula, leo zinakataa

Hapa ndipo kesi nyingi zilipo, na hapa ndipo nakaa muda mrefu na wanafunzi.

Mtu ameotesha hamira usiku kucha kwenye glukosi. Asubuhi anaziosha, anaziweka kwenye maltosi, anapima kila saa kama seli zimeongezeka kwenye mchuzi. Saa ya kwanza hakuna kitu. Saa ya pili hakuna kitu. Anamwaga, anaanza upya, anapata yale yale. Angesubiri kidogo tu zingeanza kukua.

Hamira ikiwa na glukosi ya kutosha haitengenezi mlango wa maltosi. Zaidi ya hapo, ikiwa mlango huo ulikuwepo, glukosi ikifika seli inaung'oa. Kimeng'enya kiitwacho Rsp5 kinaubandika alama ya ubikwitini, protini ndogo inayoashiria kitu cha kuondolewa, utando unajikunja ndani na kuumeza, na safari inaishia kwenye vakuoli, mfuko wa kusagia ulio ndani ya seli, ambako unakatwakatwa. Seli haifungi mlango huu kwa kufuli. Inauvunja, na ukihitajika tena lazima ujengwe mwingine kuanzia kwenye jeni. Huo ndio muda unaouona umepotea kwenye grafu. Mlango wa galaktosi, Gal2, na wa laktiki, Jen1, hutendewa hivyo hivyo.

Mwokaji anaijua dalili hii bila kuijua kwa jina. Unga uliokandwa bila sukari huanza kuumuka kwa sukari chache zilizomo, kisha unapunguza kasi kana kwamba umechoka, halafu unaendelea tena. Pale katikati hamira imemaliza sukari nyepesi na inajenga milango ya maltosi, ambayo vimeng'enya vya unga vimekuwa vikiitoa kwenye wanga. Dawa yake ni kusubiri, siyo kuongeza hamira.

Maabara dawa ni kuotesha usiku ule kwenye maltosi yenyewe, au kutoa saa kadhaa za mpito na kuziandika kama sehemu ya jaribio.

Kwa upande wa nitrojeni mambo ni hayo hayo, ila jina la mlango ni Gap1. Huu hupitisha karibu kila aina ya asidi amino, na seli huuweka kwenye utando pale nitrojeni nzuri inapokosekana. Ukiotesha kwenye prolini, asidi amino ambayo kwa hamira ni nitrojeni duni, Gap1 umejaa tele. Ukitia amonia, ambayo ni nitrojeni nzuri, Rsp5 kwa msaada wa protini Bul1 na Bul2 inabandika ubikwitini kwenye mlango, kwenye laisini zilizo nafasi ya 9 na ya 16 za mnyororo wake, na mlango unaondoka. Sasa angalia mapishi ya kawaida ya chakula cha maabara: gramu 1.7 za unga wa YNB (mchanganyiko wa vitamini na madini) kwa lita, na gramu 5 za amonia salfeti. Mtu anayetafuta kazi ya Gap1 kwenye chakula hicho anatafuta kitu alichokiondoa mwenyewe wakati anapima unga.

Ukiwa na hadubini ya mng'ao na Gap1 iliyounganishwa na protini ya kijani, GFP, fanya jaribio hili hata kama hulihitaji. Seli zilizotoka kwenye prolini zinaonekana kama pete nyembamba za kijani. Tia amonia, rudi baada ya saa moja au mbili. Pete zimefifia, na katikati ya kila seli kuna duara limejaa kijani: ndiyo vakuoli, ambako mlango umeshasagwa lakini GFP, iliyo ngumu kusagika, imebaki iking'aa. Wengi huona duara lile wakaandika kwamba protini yao "inakaa kwenye vakuoli". Haikai hapo. Hapo ni kaburini kwake.

Tahadhari moja ya kazi: seli zilizobanwa chini ya kioo zinaendelea kula. Chakula kidogo kilichomo kwenye tone kinaisha upesi na milango inaanza kuhama wakati bado unatafuta sehemu nzuri ya kupiga picha. Hxt1, kwa mfano, huondolewa glukosi ikitoweka. Piga picha mapema, na tengeneza kioo kipya kwa kila muda.

Dalili: mahamri yamegoma kuumuka, na sukari umeweka nyingi

Hapa milango ya glukosi ipo na inafanya kazi. Tatizo ni maji. Sukari nyingi nje huvuta maji kutoka ndani ya seli, na invateisi inaongeza taabu kwa sababu kila molekuli moja ya sukari inayokatwa inakuwa mbili. Seli hujibu kwa kuziba tundu la gliseroli, Fps1, na kufungua mlango wa kuiingiza, Stl1, ili gliseroli ijae ndani na kuyarudisha maji. Hilo linachukua muda, na kwa muda huo gesi ni haba. Punguza sukari kwenye kinyunya cha kwanza na uongeze baadaye, au tumia hamira iliyotengenezwa kwa unga mtamu. Nyingi kati ya hizo zina invateisi dhaifu kwa makusudi.

Wenye kuchachua divai wana dalili ya karibu: uchachu unasimama na sukari iliyobaki ni fruktosi. Milango mingi ya Hxt inaipendelea glukosi, kwa hiyo fruktosi hubaki nyuma. Nitrojeni ikiisha mapema, seli inashindwa kutengeneza protini mpya wakati milango ya sukari inaendelea kuondolewa, na mwisho wake unaujua.

Dalili: inakua vizuri nyuzi 30, inakataa kwenye baridi

Mwanafunzi anakuja na furaha: amegundua jeni ya kustahimili baridi. Aina yake ya hamira inakua nyuzi 30, ikifika 15 inasimama. Swali langu la kwanza ni kama seli zake ni trp1, yaani haziwezi kujitengenezea triptofani. W303 ya kawaida ni trp1. Zile za BY4741, aina nyingine ya maabara, si trp1, ila zina upungufu mwingine, na nitaugusa hapa chini.

Seli ya trp1 inaishi kwa triptofani inayotoka nje, na inaingia hasa kupitia Tat2. Mlango huu ni dhaifu kuliko yote niliyokutana nayo. Baridi inaudhoofisha. Shinikizo kubwa linauondoa. Dawa ya rapamisini inauondoa. Upungufu wa egosteroli, aina ya mafuta ya utando wa hamira, unauzuia usifike mahali pake. Kwa hiyo jeni nyingi sana zilizowahi kuonekana kama "jeni za baridi" au "jeni za kuhimili dawa" zilikuwa zinaigusa Tat2 kwa njia ya kuzunguka.

Mfano unaonigusa ni wa kwinini, dawa tuliyolelewa nayo sote huku kwenye malaria. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba kwinini huikaba hamira kwa kuzuia triptofani isipite Tat2. Seli za trp1 zilidhurika kwa kiasi kidogo cha dawa, na kuongeza triptofani kwenye chakula kuliziokoa. Hamira ikatupa fununu ya namna dawa hii inavyoweza kugusa usafirishaji wa asidi amino, jambo ambalo kwa mgonjwa lisingeonekana kirahisi.

Jinsi ya kuamua ni rahisi, na ifanye kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa ripoti. Weka sahani mbili kwenye baridi ile ile, moja ya kawaida, nyingine yenye triptofani mara kadhaa zaidi, miligramu 200 kwa lita kwa mfano. Sambamba na hizo, ipe seli jeni nzima ya TRP1 kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA cha duara kinachobeba jeni. Ikiwa moja ya njia hizi inairudisha, ulichokuwa unakipima ni njaa ya triptofani.

Leusini, asidi amino nyingine, ina tabia inayokaribiana. BY4741 haiwezi kujitengenezea leusini, na mapishi ya maabara hutofautiana sana, kutoka makumi ya miligramu kwa lita hadi mia kadhaa. Hamira ikisimama mapema kuliko kawaida huku glukosi bado ipo, ongeza leusini kwanza.

Dalili: kipimo cha kuingia kinatoa sifuri

Una sukari au asidi amino yenye kaboni-14 inayotoa mionzi, una chujio, una mashine ya kuhesabu mionzi, na seli zilizochukua dakika tano zinahesabika sawa na zile za muda sifuri. Mlango upo, umeuona kwa GFP. Basi tumefika kwenye swali la tatu, la nguvu.

Angalia bafa, yaani mchanganyiko unaoshikilia pH isibadilike. Wengi hutumia Tris ya pH 7.5 kwa sababu ndiyo iliyopo rafuni. Nje kukiwa na pH hiyo, tofauti ya protoni kati ya nje na ndani imeisha karibu yote, na mlango unaotegemea protoni hauna kinachousukuma. Tumia bafa ya pH 5 hivi. Angalia pia kama kuna azaidi, sumu ya kuzuia vijidudu, iliyobaki kwenye chupa. Wengine huitia makusudi, nayo inazima nguvu ya seli.

Kisha angalia njaa ya maandalizi. Seli zilizooshwa kwa maji mara tatu na kukaa kwenye barafu nusu saa zimeizima Pma1. Serrano alionyesha mwaka 1983 kwamba glukosi huiamsha pampu hii kwa dakika chache. Kwa hiyo kabla ya kuweka kaboni-14 zipe seli chakula cha kuwashia moto, lakini si glukosi ikiwa mlango unaoupima ni ule ambao glukosi inauondoa.

Kwa glukosi yenyewe kosa huwa kinyume chake: namba ni kubwa mno na hazina maana. Seli inaigeuza glukosi mara inapoingia, na ukisubiri dakika nzima unapima umetaboli, siyo mlango. Hesabu kwa sekunde, tano tu, kisha mwaga maji ya barafu mengi yenye glukosi ya kawaida. Na kumbuka uwezo wa milango unatofautiana mno: Hxt1 hufanya kazi vizuri glukosi ikiwa karibu milimola 100 kwa lita, Hxt7 ikiwa karibu milimola 1. Ukipima kwenye kiwango kimoja tu utaona mlango mmoja na kuukosa mwingine.

Kama huna kaboni-14, kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Weka seli kwenye maji yenye bafa hafifu ya pH 5, tumbukiza elektrodi ya kupimia pH, subiri namba itulie. Dondoshea maltosi. Mlango ukiwepo na ukiwa na nguvu, pH inapanda mbele ya macho yako, kwa kuwa kila molekuli ya maltosi inayoingia inachukua protoni moja kutoka kwenye maji. Namba inasogea kwa sehemu za mia za pH, polepole, na chumba kizima kinanyamaza. Dondoshea glukosi kwenye chupa nyingine: pH inashuka, maana Pma1 imeamka na inasukuma protoni nje. Seli zilizooteshwa kwenye glukosi haziinui namba kwa maltosi hata kidogo.

Ukishafanya yote na bado una shaka kama protini unayoichunguza ni mlango wa glukosi kweli, iweke kwenye hamira isiyo na milango hiyo. Mwaka 1999 maabara moja ilifuta jeni baada ya jeni hadi hamira ikashindwa kula heksosi yoyote, yaani sukari za jamii ya glukosi na fruktosi, na ilibidi kufuta angalau jeni 20. Aina hiyo hukua kwa maltosi na kulala kwenye glukosi. Mlango wako ukiiamsha, una jibu. Usichanganyikiwe ukisoma kuhusu protini Snf3 na Rgt2. Zina sura ya milango ya glukosi lakini kazi yao ni kuonja glukosi iliyo nje na kuiambia seli ijenge milango ipi.

Dalili: chuma kipo, seli zina njaa ya chuma

Chuma huingia kwa jozi ya protini Fet3 na Ftr1, na Fet3 haifanyi kazi bila shaba ndani yake. Shaba nayo ina mlango wake, Ctr1. Seli yenye Ctr1 iliyoharibika inaonyesha dalili zote za kukosa chuma, na kuongeza chuma cha kiasi cha kawaida hakuisaidii. Jaribu chumvi ya shaba, kiasi kidogo tu kwa kuwa ikizidi ni sumu, kisha urudi baada ya siku moja uone kama chuma kile kile kilichokuwa nje kimeanza kuingia.